Meza Iliyopigwa Mnyororo

Mume wangu ana ugonjwa, na usinipe pole, maana hauui. Ugonjwa wenyewe ni kwamba hawezi kukaa karibu na kitu kibovu. Tukialikwa harusini, bwana harusi anavishwa pete, yeye yuko chini ya kiti cha jirani anakaza skrubu. Siku aliyokuja kwetu kujitambulisha kwa wazazi wangu alisalimia vizuri, akaketi vizuri, halafu akaona mlango wa kabati la mama umelegea bawaba. Masikini, alijikaza. Jasho likamtoka. Baba akamuuliza, "Kijana, una nia gani na binti yangu?" Yeye akajibu, "Mzee, samahani sana, hapa nyumbani kuna bisibisi?" Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikaona aibu ya kuniua. Nikaolewa hivyo hivyo.

Watu wote humwita Fundi. Mimi namwita Baba Mapacha, kwa sababu Mungu alituteremshia wawili kwa mpigo, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao mbali huko, wanaotupigia simu wakikumbuka kwamba walizaliwa na mtu.

Kazi yake ilikuwa nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima, kwenye barabara ya zamani. Enzi hizo hapakuwa na barabara nyingine. Gari likipanda kile kilima lilifika juu linachemka kama sufuria, na aliyeijenga nyumba ile alikuwa mjanja, alijua mtu ambaye injini yake inatoa moshi habagui kitanda. Ni nyumba ya mawe, ya ghorofa moja, yenye baraza pana mbele, ngazi ya mbao ndani, na meko makubwa ambayo watoto wetu walikuwa wakijifichia. Nyuma, karibu na matangi ya maji, kuna kijumba cha fundi: chumba, sebule, na jiko la nje. Kijumba kinakwenda na kazi. Ukiwa fundi wa nyumba, unaishi mle. Ukiacha kuwa fundi, unabeba godoro lako unaondoka. Sisi tuliingia mle na godoro moja na ndoo, tukazaa mle, tukazeeka mle.

Mwenye nyumba alikuwa mjane tuliyemwita Bibi Mkubwa. Mimi nilikuwa mpishi wake. Kila asubuhi alipita na fimbo yake akinyooshea: ubao ule, kitasa kile, doa lile. Baba Mapacha anamfuata nyuma na sanduku la zana, ana raha kama mtu anayesindikizwa na bendi. "Fundi," Bibi Mkubwa alikuwa akimwambia, "nyumba hii isizeeke kabla yangu." Na kweli haikuzeeka. Alizeeka yeye, tukamzika, na nyumba ikabaki imenyooka, imepakwa rangi ya maziwa, milango inafunguka bila kelele.

Halafu ikachongwa barabara mpya kule bondeni, na magari ya siku hizi hayachemki. Wapwa wa marehemu wakauza.

Mnunuzi hatujamuona mpaka leo. Tunamwita Tajiri, na tunachokijua ni sauti yake ndani ya simu ya Meneja. Meneja ni kijana mwenye viatu vilivyochongoka mbele, mpole, ananiita mama na anamaanisha. Alikuja na dada mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni, Msanifu, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza nyumba ya wageni kuwa hoteli ya kifahari yenye mgahawa wa watu wanaokula kwa kuambiwa na magazeti. Nisiwasingizie, hawakuwa watu wabaya. Hiyo ndiyo iliyonitesa. Mtu mbaya unajua pa kumshikia.

Meneja alikaa sebuleni kwetu, akanywa chai yetu, akasema mambo wazi. "Mama, nyumba hii ya nyuma iko kwenye mpango. Tajiri anataka iwe chumba cha maharusi wa fungate. Lakini mzee akipata nafasi ya kudumu hotelini, itaachwa. Wewe jikoni nafasi yako ipo, ila ni ya kuja asubuhi na kurudi kwako."

"Kwangu wapi, mwanangu?" nikamuuliza. "Hapa unapokalia ndipo kwangu."

Akaangalia kikombe. "Tajiri ataamua siku ya ufunguzi, akisikia wageni wanasemaje kuhusu mzee."

Basi tukabaki roho mkononi. Sikuwa na hamu ya kwenda kulala kwenye makochi ya wakwe za watoto wangu, nikiulizwa kila asubuhi nimeamkaje na lini naondoka.

Kazi ya ukarabati ikaanza. Siku ya kwanza Msanifu alipita ukumbini akigusa ukuta kwa kidole. "Nani alipaka rangi hii?"

"Mimi," akajibu Baba Mapacha, kifua mbele.

"Ahaa," akasema dada wa watu, kwa sauti ile unayotumia kwa mtoto aliyejikata nywele mwenyewe.

Wakaanza kukwangua. Rangi aliyoipaka mume wangu ujana wake wote ilianguka chini vipande vipande, mpaka mawe yakaonekana, na palipobaki rangi iliyobanduka wakashangilia. Mapazia mapya meupe, ya kitambaa ambacho mimi nisingethubutu kukigusa na mikono ya kitunguu, yalitumbukizwa kwenye mapipa ya chai ya rangi ili yaonekane yamekula chumvi. Ngazi ikang'olewa ule ubao wa tatu ambao Baba Mapacha aliubana usipige kelele, ukarudishwa umelegea. Ukikanyaga, unalia. Msanifu akafumba macho. "Sikilizeni," akasema, "hiyo ni sauti ya historia." Baba Mapacha akaniangalia mimi kama mtu aliyeambiwa kuhara ni muziki.

Lakini meza ndizo zilizomvunja. Zilikuja kwa lori, mpya, mbao ngumu nzuri, zinanukia msitu. Nilikuwa nakatakata vitunguu akaja anakimbia, kofia mkononi. "Mama Mapacha, njoo haraka, vijana wamepandwa na wazimu!"

Nikatoka. Uwanjani kulikuwa na vijana wanazipiga zile meza kwa minyororo. Paa! Paa! Na Msanifu amesimama pembeni anaelekeza: "Hapo kwenye kona, ongeza kidogo. Kama vile watu wamekula hapa miaka mia."

Jioni ile mume wangu hakula. Alikaa na sahani yake magotini. "Meza haijabeba hata sahani moja," akasema, "na imeshapigwa." Nikamwambia ale, viazi vinapoa. Hakula.

Yeye mwenyewe walimpa cheo: Mlinzi wa Kumbukumbu. Wakamshonea kizibao chekundu chenye vifungo vya shaba, asimame mlangoni aseme, "Karibuni nyumbani." Basi. Zana asiguse kabisa, akakatazwa hata msumari, maana Msanifu alikuwa amemuona mara mbili akizunguka zile meza na msasa mfukoni. Sanduku lake walilichukua. Wakaliweka kwenye kabati la kioo hapo mapokezi, randa, patasi, nyundo, misumeno, vyote vimepangwa juu ya kitambaa, na chini wakaweka kibao: *Zana za fundi asiyejulikana.*

Nilikwenda kwa Meneja mwenyewe. "Mwanangu," nikamwambia, "fundi si ndiye yule pale mlangoni, mwenye kizibao?"

"Najua, mama," akasema, akatazama viatu vyake. "Lakini Msanifu anasema 'asiyejulikana' inagusa zaidi."

Ikafika siku ya kuamkia ufunguzi. Meneja na Msanifu walishuka mjini kuwapokea wageni: waandishi wa safari, watu wa makampuni ya utalii, na wengine ambao kazi yao sikuielewa ila kila mmoja alikuwa na simu mbili. Warudi nao kesho yake kwa chakula cha mchana. Huku kilimani tukabaki mimi, mume wangu, na mpishi mkuu aliyeletwa kutoka mjini, kijana mwenye kofia ndefu ambaye tangu asubuhi alikuwa anahangaika kugeuza karoti kuwa povu. Mimi niliyelisha nyumba ile tangu ujana wangu nilipewa kumenya viazi. Nikamenya.

Baba Mapacha akaja kunywa chai mlangoni kwa jiko. Akakizungusha kikombe mkononi bila kunywa, na mimi namjua.

"Sema," nikamwambia.

"Mama Mapacha, kazi ya kusimama siiwezi. Kesho wageni wataona mzee amevaa kizibao. Wakiulizwa, 'Yule mzee ana faida gani?' watajibu nini? Hata mwanasesere anavaa kizibao. Tutaondoka hapa."

"Umekatazwa kugusa."

"Wamenikataza kwa sababu hawajaona ninachoweza. Wakiona, watanibakiza." Akaweka kikombe chini taratibu. "Wale ni vijana, hawajui. Wameiharibu nyumba ya watu, na kesho wanaleta wageni. Wewe ungetaka wageni waione nyumba ya Bibi Mkubwa vile?"

Usiniulize kwa nini sikumzuia. Wewe umewahi kuzuia mvua? Tena na mimi yale mapazia yalikuwa yananiwasha mikono tangu siku yalipotundikwa. Nikatupia kiazi ndooni nikasema, "Basi anza na ile ngazi, inanipigia kelele."

Loo! Nilimuona mume wangu akirudi ujana mbele ya macho yangu. Alifungua kabati la kioo, akatoa zana za yule fundi asiyejulikana, akazibusu. Wallahi alizibusu. Ubao wa ngazi ukanyamaza. Mlango wa mbele, uliokuwa na kutu ya makusudi, ukapigwa msasa, mafuta, na rangi ya kijani. Ghalani mlikuwa na madebe ya rangi ya maziwa tangu enzi za Bibi Mkubwa. Kuta za ukumbi wa chakula zikala rangi mpaka zikashiba. Kioo chenye mabaka, ambacho Msanifu alikinunua kwa kujisifu, akakigeuzia ukutani akatundika kizima. Akahamia kwenye meza. Akaziba majeraha kwa gundi na unga wa mbao, akapiga randa, akapiga vanishi, moja baada ya nyingine, anapiga mluzi mpaka alfajiri. Mimi mapazia niliyachemsha kwa sabuni mpaka yakasahau chai. Yakatoka meupe pepepe.

Mpishi mkuu alichungulia mara moja. "Mama, mnafanya nini?"

"Usafi, mwanangu."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye povu lake.

Kesho yake mchana, gari likasimama mbele. Nilikuwa dirishani nafuta mikono kwenye aproni. Msanifu alikuwa wa kwanza kushuka, anarudi kinyumenyume, anawasimulia wageni: "...na sasa mtasikia mlango wenyewe, ni kama unazungumza nanyi." Akasukuma. Mlango haukusema kitu. Ukafunguka kama siagi.

Akageuka. Akaona.

"Uzee wangu uko wapi?" akasema kwa sauti ndogo. Halafu kwa kubwa: "Jamani, uzee wangu umekwenda wapi?"

Nilitaka kumwambia asihofu, utakuja wenyewe, lakini haukuwa wakati wake. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi, na ngazi haikulia, ndipo akalia yeye. Meneja alisimama mdomo wazi. Wageni waliingia simu zimeinuliwa juu, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakazishusha moja moja. Ukumbi ulikuwa unang'aa kama zahanati iliyofunguliwa jana. Mama mmoja mrefu, mwandishi, mwenye kamera kubwa kifuani, akauliza kwa adabu: "Samahani, tuliambiwa ni nyumba ya kihistoria. Hii imejengwa lini? Mwaka huu?"

Simu ya Meneja ikaanza kuita. Nilijua ni nani. Nikaona godoro letu limefungwa kamba juu ya mkokoteni. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Kazi ya mume wangu nzuri kuliko zote maishani mwake ndiyo iliyokuwa inatutoa nyumbani kwetu.

Sasa yeye alikuwa wapi? Hapo hapo. Meza moja kubwa, ya kuwekwa mapokezi, ilikuwa haijakwisha, na mume wangu hawezi kuacha kitu nusu, hata parapanda ikilia. Alikuwa pembeni karibu na meko, kizibao kimefunguka vifungo, unga wa mbao kichwani na kwenye nyusi, anapiga randa. Shwaa. Shwaa. Hakuwa hata ameinua kichwa. Nadhani alitaka wamkute anamalizia ili wamsifu.

Yule mama mrefu akageukia ule mlio. Kamera ikapanda yenyewe. "Mzee," akasema, "baki hivyo hivyo. Usitabasamu."

"Sitabasamu," akajibu Baba Mapacha. "Nina kazi."

Wakamzunguka wote. Pa, pa, pa, taa za kamera. Mmoja akapiga picha ya mikono yake tu, mwingine ya ile nywele ya mbao inayotoka kwenye randa, mwingine akalala chini kabisa ampate kutoka chini. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kipya isipokuwa yeye, na watu wale walikuwa wamesafiri mbali kuona kitu cha zamani. "Hiki," yule mama akamwambia Meneja, "hiki ndicho cha kweli."

Meneja, mtoto yule ana akili, nampa haki yake. Alikata simu ya Tajiri, akaweka sura ya mtu aliyepanga yote. "Naam," akasema. "Hilo ndilo wazo letu zima."

Wakaenda kula. Sahani kubwa kama usukani, na katikati kijiko cha povu la karoti. Nao wakalipiga picha kabla ya kulila, lisije likapasuka.

Siku ya pili yake Meneja alikuja sebuleni kwetu, na chai aliikataa kwa haraka. Picha zilikuwa zimeenea kote, Tajiri amepiga simu tatu. "Mzee anabaki," akasema. "Nyumba inabaki. Lakini kazi ni ile ile ya jana. Akae mapokezi kila siku wageni wanapofika, atengeneze ile meza." Nilipiga vigelegele mpaka mpishi mkuu akadondosha kitu huko jikoni. Baba Mapacha yeye alisema tu, "Niliwaambia wakiona watanibakiza," akaenda kunoa patasi.

Kuta zilikwanguliwa upya. Mapazia yakarudi kwenye chai. Minyororo ikaitwa tena, ngazi ikapewa kilio chake. Msanifu aliyafanya hayo yote akituangalia mimi na mume wangu kwa jicho la upande, na kabla ya kuondoka alisema wazi kwamba yule mzee aguse ile meza moja na asiguse kingine mpaka siku ya kiama. Kibao hakikutolewa. Kila asubuhi mume wangu anachukua zana kutoka kabatini, jioni anazirudisha, na kibao kiko pale pale. Siku moja mgeni alimuuliza, "Mzee, huyu fundi asiyejulikana, ulibahatika kumjua?" Akafikiri kidogo. "Kidogo tu," akasema. "Hakuwa mtu wa maneno mengi."

Sasa basi. Meza ni meza, ina mwisho. Baada ya siku chache tu iling'aa kama kioo, ukaweza kuchania nywele. Baba Mapacha akakunja mikono, ameridhika, anasubiri aletewe nyingine. Na mimi nikiwa jikoni, Meneja akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, kuna tatizo. Mzee amemaliza."

"Si ndiyo vizuri?"

"Wageni wa kesho watamkuta anafanya nini?"

"Mpeni kingine."

"Msanifu hataki hata kusikia. Meza ile tu." Akaweka kitu juu ya ubao wangu wa kukatia, kimefungwa ndani ya kitambaa cha mezani. Kikalia kwa uzito wa chuma. Sikuhitaji kukifungua. "Wale vijana wamerudi mjini," akasema, haniangalii. "Jioni wageni wakipanda ghorofani kutazama jua, na mzee akienda kuoga, wewe ndiye unayebaki. Mama, sina mwingine. Tajiri anasema bila meza hakuna mzee, na bila mzee..." Hakumaliza, na nilishukuru kwamba hakumaliza.

Jioni ile nilisikia maji yanamwagika bafuni nyuma ya kijumba, na yeye anaimba vibaya kama kawaida yake. Nikaenda mapokezi. Meza ilikuwa inanukia nta. Mchana ule nilikuwa nimemuona ameinama, shavu lake limelala juu ya ubao, jicho moja limefumbwa, anapima kama pamenyooka. Nikainua mnyororo. Nikaushusha tena. Nikaufikiria mkokoteni na godoro, nikafikiria makochi ya wakwe, nikapiga. Nilihisi nampiga yeye. Nililia palepale, nisikufiche, nikapiga tena huku nalia, kisha nikafuta machozi kwa aproni na kuuficha mnyororo jikoni kwetu, chini ya gunia la viazi.

Asubuhi alirudi kutoka mapokezi mbiombio. "Mama Mapacha! Wageni hawa wamelelewa wapi? Njoo uone walichoifanyia meza!"

"Watu wa mjini," nikamwambia, nikajikuna shingo.

"Fujo tupu," akasema, na uso wake umechangamka. Alikuwa hajamaliza chai ameshakwenda.

Ikawa ndiyo maisha. Mchana anatengeneza, jioni nabomoa. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanaguna kwa heshima, wanakula povu. Yeye analalamika kwa Meneja kuhusu wageni wahuni, naye Meneja anaitikia kwa uso wa msibani, "Tutawaonya, mzee." Mimi nimekuwa bingwa. Najua kupiga kwa ncha ya mnyororo lionekane pigo la chupa, najua kuburuta lionekane pigo la sanduku. Watoto wakipiga simu kuuliza, "Mama, siku hizi unafanya nini?" nawajibu namenya viazi. Nilijiambia kwamba kama ni kumdanganya, basi namdanganya ana raha, na kuna wake wanawadanganya waume zao kwa mambo ya hovyo zaidi.

Juzi kiwiko kiliniuma tangu mchana. Jioni sikuwa na nguvu za kuzunguka meza nzima, nikasimama sehemu moja, nikapiga katikati haraka haraka, nikarudi kupika.

Asubuhi tulikaa kwenye kizingiti cha jiko letu la nje na vikombe vyetu. Akapuliza chai yake. Akainywa kidogo, akapuliza tena.

"Mama Mapacha."

"Abee."

"Huyo mgeni anayepiga meza."

Kikombe changu kikasimama njiani. "Ana nini?"

"Mwambie asipige katikati tena. Nimepiga randa sana pale, mbao imebaki nyembamba, haitatufikisha mwakani. Apige pembeni. Hata miguuni pana nafasi." Akanywa chai mpaka ikaisha, akatikisa machicha, akamwaga nje. "Na kama mkono unamuuma, akose siku moja. Nitajifanya napiga msasa, hakuna atakayejua."

Tangu lini anajua? Sikumuuliza, na yeye si mtu wa kusema. Alisimama, akavaa kizibao chake, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Akaondoka hatua kadhaa kuelekea hotelini, halafu akageuka.

"Tena auweke mahali pakavu," akasema. "Unashika kutu, utatuchafulia viazi."

Alipofika mbali nikaingia jikoni, nikautoa mnyororo chini ya gunia, nikaukausha kwa aproni yangu pete moja moja, nikaupaka mafuta.